Usiku wa Ligi ya Mabwana

Kosa la kwanza lilikuwa la mkaa. Nilimpa mwanangu wa darasa la nne kipande cha boksi na kipande cha mkaa, nikamwambia aandike tangazo la kubandika gengeni: LEO SAA 2 USIKU, LIGI YA MABWANA, KIINGILIO BURE. Mtoto kazaliwa Kirumba, mtaa ambao kelele za Uwanja wa CCM huingia mpaka jikoni. Kwake yeye "ligi" ina ndugu mmoja tu hapa duniani. Akaandika LIGI YA MABINGWA. Sikukagua. Nilikuwa juu ya jiwe nyuma ya nyumba nafunga shuka.

Saa moja na nusu uani pamejaa vijana wa bodaboda, wengine na jezi za njano, wengine na nyekundu, na mmoja kaja na vuvuzela. Benchi wamelibeba wenyewe. Moyo wangu ukafurahi: kumbe Mwanza bado kuna watu wanaopenda fasihi!

"Kaka, leo nani na nani?" akaniuliza mwenye vuvuzela.

"Allan Quatermain, Kapteni Nemo, Dokta Jekyll..."

"Hao wa timu gani?"

"Wote timu moja."

"Sasa wanacheza na nani?"

"Na mtu mmoja anaitwa Fantom."

Akanitazama kama anayepima kama nimekunywa. "Mmoja? Dhidi ya wote hao?" Kisha akawageukia wenzake: "Oyaa, ni muvi." Nusu yao wakanyanyuka. Benchi likanyanyuka nao. Waliobaki hawakubaki kwa ajili yangu. Walikuwa wameona mke wangu anatoa sinia la matobolwa na karanga.

Filamu yenyewe ni The League of Extraordinary Gentlemen ya mwaka 2003. Kwa ambaye hajaiona, habari ni hii: mwaka ni 1899, mtu mwenye barakoa anazichonganisha nchi za Ulaya zipigane ili yeye auze silaha. Wa kumzuia wanakusanywa, nao wote wametolewa vitabuni. Mwindaji Quatermain ni wa H. Rider Haggard. Kapteni Nemo na nyambizi yake Nautilus ni wa Jules Verne. Dokta Jekyll, anayekunywa dawa akageuka jitu, ni wa Robert Louis Stevenson. Mina Harker katoka kwenye Dracula ya Bram Stoker, Dorian Gray asiyezeeka ni wa Oscar Wilde, na mtu asiyeonekana asili yake ni kalamu ya H. G. Wells. Mwisho yuko Tom Sawyer wa Mark Twain. Huyu kwenye kitabu cha katuni cha Alan Moore na Kevin O'Neill, kilichozaa filamu, hakuwamo. Alitiwa baadaye ili Wamarekani nao waone mtu wao, kama inavyokuwa kwenye kamati za harusi: mmeshakamilika, mnaletewa mtoto wa mfadhili.

Mimi na Quatermain tunafahamiana zamani. Kitabu cha Haggard cha mwaka 1885 kilitiwa Kiswahili mwaka 1929 na F. Johnson na E. W. Brenn kwa jina la Mashimo ya Mfalme Sulemani, na kwa miaka mingi kikasomwa mashuleni huku kwetu. Nakala iliyonifikia mimi haikuwa na jalada wala kurasa za mwisho. Niliwaacha mashujaa wamefungiwa pangoni pamoja na almasi zao, na wakakaa humo miaka kumi na moja, mpaka nilipopata nakala nzima kwa rafiki. Mtu uliyemwacha pangoni muda huo wote, siku unaposikia ametokea kwenye filamu, tena akiigizwa na Sean Connery, huwezi kumtazama peke yako. Lazima uite watu.

Hapo ndipo nikaanza kukopa. Projekta niliazima kwa kijana anayepiga video za harusi. Spika ni ya jirani. Filamu nilijaziwa kwenye flashi na kijana wa kibandani, nikamwomba ile iliyotafsiriwa. Maana sinema yetu ya mtaani haikamiliki bila sauti ya mtu juu yake: Dar es Salaam walikuwa na Lufufu, Kenya wana DJ Afro, Uganda wana ma-VJ wao, watu wanaoweza kumfanya mwigizaji wa Hong Kong alalamikie bei ya sukari. Kijana akasema hiyo ya kutafsiriwa hana. "Lakini wewe msomi, bro. Si utatafsiri mwenyewe?"

Hilo neno "msomi" ndilo lililoniponza. Nilitoka pale kibandani nimeshajipa kazi.

Kilichokosekana ni kitambaa cheupe. Kabatini kulikuwa na shuka moja tu lenye weupe wa kutosha, na lilikuwa la mama mkwe. Alilileta mwenyewe kutoka kijijini, atandikiwe yeye tu akija. Wenye wakwe Wasukuma wanajua: mkwe humkaribii hovyo, na shuka lake pia hulikaribii hovyo. Lakini mama mkwe alikuwa mbali, nami nilikuwa nimeshatangaza. Nikalichukua. Kwamba lina waridi moja kubwa jekundu katikati, limedariziwa kwa mkono, nililiona baada ya kuwasha mashine. Usiku ule wote, mwigizaji yeyote aliyesimama katikati alisimama na waridi puani.

Waliokaa viti vya mbele walikuwa watu wazito. Kulikuwa na Mjomba, mjomba wa mke wangu, mzee wa Ukerewe aliyevua dagaa ujana wake wote, kisha akawa nahodha wa mitumbwi ya mizigo ya kwenda na kurudi Mwaloni. Kulikuwa na Mwalimu, jirani yetu, amefundisha fasihi mpaka akastaafu, na bado anasahihisha. Kulikuwa na Mama Mwenye Nyumba, ambaye uwanja ni wake, umeme ni wake, na aliyetukumbusha yote mawili kabla hajaketi. Nyuma yao watoto, na nyuma ya watoto vijana watatu wa bodaboda waliobaki na sinia.

Nikabonyeza. Filamu ikaanza. Baada ya dakika mbili nikaisimamisha ili nieleze.

Connery alipotokea Kenya, kwenye klabu ya wazungu, Mwalimu akainua mkono. Hakumwinulia mtu. Ni mazoea.

"Wamesema mwaka gani?"

"1899, Mwalimu."

"Mwaka 1899 Nairobi ilikuwa kambi ya wajenzi wa reli. Reli yenyewe ilifika pale mwezi Mei, mwaka huohuo. Sasa hao wazee wote waliomo klabuni, walizeekea wapi?"

Hakuna aliyekuwa na jibu. Mwalimu akaongeza kwamba koloni lenyewe lilipewa jina la Kenya mwaka 1920, kwa hiyo bwana yule alikuwa amestaafu katika nchi ambayo bado haijapewa jina. Nikaisimamisha filamu kumjibu kwamba Haggard mwenyewe, kwenye kitabu cha 1887 chenye jina la Quatermain, alimpitisha mtu wake Lamu na kumpandisha bara mpaka kwa Wamasai, kwa hiyo mzee huku kwetu anapafahamu. Tukabishana. Waigizaji wakasubiri, mmoja kaacha kinywa wazi, waridi limemziba jino.

Tulipoendelea, Nautilus ikaibuka majini. Ni nyambizi ndefu, nyeupe, imenakshiwa kama kitanda cha Lamu, na watoto wakashangilia. Mjomba hakushangilia. Alisogeza kiti mbele, kama mtu anayeonyeshwa mtumbwi wa kununua.

Nyambizi ikaelekea Venisi.

"Venisi ile ya mabepari?" akauliza Mama Mwenye Nyumba. Mwalimu akafurahi kwamba kuna mtu bado anakumbuka Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya mwaka 1969, na akataka tusimame kidogo tuizungumze. Mjomba akamkata: "Ngoja kwanza, Mwalimu. Mkwe, chombo kile kimeingia wapi?"

"Mferejini, Mjomba. Mji wote umejengwa majini, njia zake ni mifereji."

"Mfereji huo una kina gani?"

Nikaisimamisha filamu, nikatafuta kwenye simu. Mfereji Mkuu wa Venisi, ule mkubwa kuliko yote, una kina cha mita 5 hivi. Mjomba akacheka kikavu. Ziwa letu hili, akasema, ukubwa wake wote kilomita za mraba karibu 69,000, pale penye kina kirefu kabisa ni kama mita 80, na bado kuna miamba ambayo nahodha akisinzia inampasulia mtumbwi. "Halafu huyu analeta meli ya ghorofa anaipitisha kwenye mtaro. Nahodha wake nani?"

"Kapteni Nemo. Ni Mhindi, Mjomba. Baharia maarufu."

"Alipataje leseni?"

Kabla sijajibu, Tom Sawyer akapanda gari, akaanza kulikimbiza katikati ya Venisi, mji ambao watu wake hutembea kwa miguu na kwa mashua. Vijana wa bodaboda, waliokuwa kimya tangu karanga ziishe, wakaamka. Hawakujali kama Venisi ina barabara au haina. Walichojali ni namna anavyokata kona. Mmoja akasema hajawahi kuona dereva mzuri hivyo. Mwingine akasema kona ile ya pili hata yeye anaikata, na amebeba abiria wawili na gunia. Ndipo nikagundua kwamba uani kwangu zinachezwa filamu tatu kwa wakati mmoja: ya Mwalimu mbovu, ya Mjomba ya kuchukiza, ya bodaboda tamu kama halua.

Ya nne ilikuwa ya Mama Mwenye Nyumba, naye alimtazama Mina Harker tu. Mwanamke mmoja katikati ya wanaume, na kila wanapoingia matatani ndiye anayejua la kufanya, lakini wakiketi kupanga anaulizwa mwisho. "Huyo namjua," akasema. "Huyo ni mweka hazina wa kikundi chetu." Nikaisimamisha filamu kumweleza kwamba kwenye kitabu cha katuni Mina ndiye kiongozi hasa. Filamu ndiyo iliyompa uongozi Quatermain. Akaguna. "Wameona Connery amekuja, wakasema mama sogea."

Wakati huohuo mwangaza ulianza kupungua.

Nilidhani ni projekta. Nikaifuta kioo, ikawa palepale. Mjomba akainusa hewa. "Mkwe," akasema taratibu, "umewasha karabai usiku wa giza."

Mkazi wa ufukweni anajua maana yake. Kuna vijidudu vya ziwani, vidogo kuliko mbu, visivyouma, ambavyo siku zikifika hupanda kutoka majini kama moshi wa kijiji kinachoungua. Vikiona taa vinakuja kwa maelfu. Wavuvi wa dagaa wameitumia tabia ya viumbe kufuata mwanga tangu enzi za karabai mpaka leo za taa za sola: usiku usio na mbalamwezi unawasha taa, dagaa wanajileta. Mimi nilikuwa nimewasha taa yenye nguvu kuliko zote mtaani, nikaielekeza kwenye kitambaa cheupe, juu ya jiwe, upande wa ziwani.

Vilitua shukani kimoja kimoja, kisha kwa makundi. Quatermain aliyekuja na ndevu za kiasi alianza kuota ndevu mpaka machoni. Dorian Gray, kijana mzuri asiyezeeka, akapata ndui. Kisha akaja yule asiyeonekana. Ukweli ni kwamba mwigizaji huyo huonekana kwa nguo tu: koti linatembea, kofia inaelea, katikati hakuna mtu. Lakini vijidudu vilikuwa vimejikusanya palepale penye uwazi, juu ya kola, vikajaza kichwa kizima, cha duara, cheusi, kinachochezacheza. Katika watu wote wa filamu ile, asiyeonekana ndiye pekee aliyeonekana vizuri.

Watoto walipiga kelele kwa raha. Nadhani hiyo ndiyo sehemu waliyoipenda kuliko zote, na hakuna mwongozaji anayeweza kudai ni kazi yake.

Tuliendelea hivyo, mimi natafsiri huku nafukuza wadudu kwa khanga ya mke wangu. Kutafsiri nako si kazi ya mtu anayefukuza wadudu. Wanasema maneno manne, mimi nayaona mawili. Nikawa najaziliza. Dorian na Mina walipozungumza nikawapa ugomvi wa mahari. Nemo alipowaamrisha mabaharia wake nikamfanya alalamikie nauli. Nilipokuwa sielewi kabisa, nilikuwa naisimamisha filamu na kueleza historia.

Ilibainika kwamba kuna msaliti ndani ya kundi. Na yule asiyeonekana haonekani. Maana yake ni kwamba haonekani kuliko kawaida. Mama Mwenye Nyumba akapiga goti lake: "Ndiye huyo! Mtumishi hewa! Yumo kwenye orodha, posho anachukua, kazini hayupo!" Uwanja mzima ukacheka na kumhukumu yule maskini bila kusikilizwa. Mwalimu akasema tusihukumu. Bodaboda wakasema msaliti ni mwenye sura nzuri, sikuzote ni mwenye sura nzuri. Nikanyoosha mkono kuisimamisha filamu ili nieleze asili ya usaliti katika fasihi.

Sikuwahi kuifikia. Umeme ukakatika.

Giza la Kirumba ulione. Kwa mbali, majini, taa za wavuvi zilikuwa zimejipanga kama mji mwingine. Vijidudu vilituacha palepale vikaelekea huko.

"Sasa msaliti nani?" watu wakauliza kwa pamoja. Wote wakanigeukia mimi, msomi.

Hapo nikalazimika kusema ukweli ambao nilikuwa nimeuficha tangu gengeni: filamu ile nilikuwa sijawahi kuiona. Niliwajua watu wake vitabuni. Mwisho wake nilikuwa siujui, kama nilivyokuwa siujui ule wa mashimo.

Palikuwa kimya, kisha Mwalimu akaokoa jahazi. Alisema kosa la filamu ni kukusanya watu wa mbali. Sisi tungekusanya wa kwetu, mambo yangekwenda. Kwa nini tusiunde ligi ya vitabu vya Kiswahili?

Laiti asingesema. Yeye mwenyewe alimtoa Karama wa Kusadikika ya Shaaban Robert, mtu wa hoja, aliyeshtakiwa kwa kutaka watu wafundishwe sheria, akajitetea kwa masimulizi mpaka baraza likanyamaza. Vijana wakasema huyo atawachelewesha, adui hasubiri masimulizi sita. Wakamleta Willy Gamba wa Elvis Musiba, jasusi wa Kufa na Kupona, anayempiga mtu kwanza na kumsalimia baadaye. Mimi nikamtaka Bwana Msa wa Mohamed Said Abdulla, mpelelezi wa Unguja, na kiko chake na rafiki yake Najum, maana kila kundi linahitaji mtu wa kufikiri. Mwanangu akamtaka Abunuwasi. Mama Mwenye Nyumba akaruka: Abunuwasi uani kwake haingii. Mtu aliyeuza nyumba akabakiza msumari ukutani, akawa anakuja kuutazama usiku na mchana! "Mpangaji wa namna hiyo ninaye mmoja, ananitosha." Hakusema ni nani. Nilitazama ziwani.

Yeye alimchagua Rosa Mistika wa Euphrase Kezilahabi, kitabu cha mwaka 1971 ambacho enzi zake walikisoma chini ya dawati kwa kuwa shuleni kilikuwa kimepigwa marufuku. "Apewe nafasi ya pili yule mtoto," akasema kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia akiitumia kudai kodi. Hakuna aliyepinga.

Mjomba alikaa kimya mpaka tukamwuliza. Akasema yeye ni mtu wa Ukerewe, na Kezilahabi ni wa kwao, lakini shujaa anayemjua ni Myombekere wa mzee Aniceti Kitereza. Mwalimu akatujazia: Kitereza alikimaliza kitabu chake kwa Kikerewe mwaka 1945, kikaja kuchapishwa kwa Kiswahili mwaka 1980, naye akafariki mwaka uliofuata. Bodaboda wakauliza huyo Myombekere amewahi kumpiga nani.

"Hakumpiga mtu," akasema Mjomba. "Mkewe alirudishwa kwao na wakwe kwa sababu hawakupata mtoto. Akamfuata. Akawalainisha wakwe, akabeba pombe ya ndizi aliyotozwa, akarudi na mkewe." Akageukia upande niliokuwa. "Kwenda ukweni kuomba radhi. Huyo Quatermain wenu anaiweza safari hiyo?"

Nikalikumbuka shuka. Jasho likanitoka.

Basi tukapata ligi: mwenye hoja, mwenye bastola, mwenye kiko, mwenye majonzi na mwenye mtungi wa pombe. Ikabaki kuchagua kiongozi, na hapo tukaumana. Kila mmoja alitaka wake, na kila wake alikuwa mfalme kwenye kitabu chake. Vijana walisema Karama anyamaze. Mwalimu alisema Willy Gamba hana maadili. Bwana Msa, mtu wangu, alipata kura moja, nayo yangu. Ligi yetu ilivunjika kabla adui hajapatikana. Ya kule Uingereza angalau ilifika Venisi.

"Mnajua tatizo lao ni nini?" akasema Mjomba. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekuwa akivuta wavu taratibu. "Yule mzee wao ni sangara."

Tukatulia.

"Nilipokuwa kijana, ziwa hili lilikuwa na furu wa kila aina. Wekundu, wa bluu, wenye mistari. Kila mmoja na kazi yake: huyu anakula konokono, yule majani, yule anachimba mchanga. Ukiinua nyavu unaona rangi. Akaletwa sangara. Samaki mkubwa, mzuri, ana bei. Akala wale wote. Leo ukivua unapata ukubwa, rangi huipati." Akaelekeza kidole gizani, kwenye shuka. "Mle ndani kuna watu sita, kila mmoja na hadithi yake. Wakamtia mzee mmoja mkubwa. Nani mwingine mmemkumbuka?"

Mwalimu, anayesahihisha kila kitu, hilo hakulisahihisha. Alisema tu, kwa upole, kwamba sangara alipandikizwa ziwani kuanzia miaka ya 1950, akatawala katika miaka ya 1980, na wataalamu wanazihesabu aina za furu zilizopotea au kukaribia kupotea kwa mamia. Akaongeza kwamba sangara mwenyewe ni mwigizaji wa Mwanza aliyefika mbali kuliko wote: filamu ya Hubert Sauper ya mwaka 2004, Darwin's Nightmare, iliyopigwa hapahapa, ilifika mpaka kuwania Oscar, na Rais Kikwete akailaumu hadharani mwaka 2006. Sinema ya kugombanisha watu Mwanza tunaijua tangu zamani.

Wahakiki wa ng'ambo nao, nimekuja kusoma baadaye, wengi waliiponda filamu ile, na watazamaji wengi wakaisamehe. Waliocheka gari la Venisi walicheka kama Mjomba. Waliolipenda walilipenda kama bodaboda. Inasemekana Connery alikuwa ameikataa nafasi ya Gandalf kwa sababu hakuielewa hadithi yake. Hii akaikubali, na baada yake hakuonekana tena kwenye filamu ya waigizaji hai. Mjomba, bila kusoma hata mstari, alikuwa ameyasema yote kwa samaki.

Nikaona ni wakati mzuri wa kuongezea kidogo. Nikasimama gizani, nikakohoa, nikaanza: "Mjomba amegusa jambo kubwa. Ukitazama historia ya..."

"Baba," akasema mke wangu kutoka mlangoni.

"Naam."

"Mtoto amehesabu. Umeisimamisha filamu mara thelathini na moja. Usiku kucha tumesikia sauti moja." Akachukua sinia tupu. "Sangara wa hapa uani ni nani?"

Kicheko kilichofuata kiliwarudisha hata wale wa benchi, waliokuwa wamekaa barabarani. Vuvuzela lilipigwa. Watu waliaga mmoja mmoja, kila mtu akiwa na ushindi wake mfukoni, nami nikabaki nakusanya nyaya.

Umeme ulirudi saa tisa usiku. Projekta ikajiwasha yenyewe ikaangaza uwanja mtupu. Mjomba alikuwa kitini palepale, amejifunika shuka la kimasai, macho nusu. Niliketi kando yake, nikabonyeza, tukaendelea.

Msaliti alikuwa mwenye sura nzuri. Asiyeonekana hakuwa na hatia yoyote. Walifika Mongolia, wakapigana kwenye theluji, na Quatermain akafa. Wakamrudisha Afrika wakamzika. Kisha akaja mganga, akazunguka kaburi, akaomba, mbingu ikanguruma, na udongo wa kaburi ukaanza kutikisika.

Nilikuwa na mengi ya kueleza hapo. Kwa mfano, kwamba walikuwa wanaacha mlango wazi kwa filamu ya pili, ambayo haikuja. Kwamba Haggard naye alimuua Quatermain kwenye kitabu cha 1887, kisha akaandika vingine vingi ambamo marehemu ni mzima. Nilifungua kinywa. Nikakifunga. Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe, nikakiondoa.

Udongo ukatikisika tena, palepale juu ya waridi la mama mkwe, katikati ya mabaka ya vijidudu ambayo sabuni ya kesho ingeshindwa kuyatoa. Mjomba hakufungua macho.

"Sangara, mkwe," akasema, "akishaingia ziwani, hatoki."